Mshono wa Katikati

Niliitwa kushona pazia tu, si kusoma.
Marekani vipande viwili, upana haukutosha,
nikaviunga katikati kwa mshono wa kulaza,
nikapiga pasi, nikapeleka Jadida
kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala.
Mwalimu Salhina akanilipa, kisha akasema,
"Kaa, Bi Zuwena. Kiti kimoja kiko wazi."

Taa ikazimwa. Mwanamke akatokea
na mshono wangu ukampita puani.
Nikaona haya. Wenzangu hawakuona kitu.

Filamu yenyewe fupi, haifiki hata chai kupoa:
mwanamke anaingia ndani, anaweka kikapu, anakaa.
"Mmeona nini?"
Tukajibu kwa mkupuo: kachoka!
"Hiyo hukumu," akasema. "Nimeuliza mmeona nini."
Kimya. Feni inalia.
Othman wa duka la simu akajaribu: kikapu kitupu.
Binti mmoja wa Limbani: mlango kauacha wazi.
Mimi nikasema, kanga kaivaa ndani nje,
kwa hiyo kaifunga gizani, kabla hakujakucha.
Mwalimu akaweka chaki chini.
"Haya. Sasa semeni kachoka."

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya mkato.
Kila picha inapokatwa, piga kofi.
Darasa zima likapiga kumi na moja;
mikato ilikuwa ishirini na sita.
Tuliporudia, mimi nilikosa miwili tu.
Miaka thelathini naficha mishono ya watu,
wa kwake mwingine utanipita wapi?

Kisha pembe. Kamera ikilala chini
mtu huwa mnara; ikipanda juu ya kabati
huyo huyo kifaranga.
Nikacheka peke yangu. Nikipiga magoti
kupima pindo la gauni, pini mdomoni,
kila mteja wangu ni mke wa waziri.

Siku ya mwisho akaziba taa ya projekta
kwa kiganja, akatuachia sauti.
Maji yanamiminwa. Mtu anakohoa.
"Huyo anayekohoa yumo au hayumo?"
Tulibishana mpaka adhana ya magharibi,
na hakutupa jibu.

Nyumbani ninayo harusi yangu,
ilitolewa kwenye kaseti ikatiwa kwenye CD,
ya mwaka wa tisini na saba.
Nimeitazama mara nyingi, nikitazama gauni.
Mama hayumo. Alikataa kupigwa picha,
akafariki kabla ya mfungo uliofuata,
na miaka yote nimewaambia wanangu hivyo: hayumo.

Kamera aliishika Tatu wa Bi Sabiha,
kwa kuwa wanaume hawaingii upande wetu.
Tatu alipenda dhahabu.
Bangili kwa karibu. Bangili kwa karibu. Mkufu. Bangili.
Usiku ule nilikaa na daftari,
sauti nimeipunguza, mume wangu kalala.

Dakika ya arubaini na moja
mkono unaingia kutoka kushoto.
Hina imefifia. Kidoleni subana;
kaja nayo harusini, kasahau kuivua.
Unainua shela yangu, unabana pini,
unatulia kidogo begani, unatoka.
Sekunde sita, nimezihesabu.
Na nyuma ya kamera, chini ya vigelegele,
"Tulia weye, n'takuchoma."

Halafu bangili.

Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Mara ya nne, pale picha inapokatwa,
nikajikuta nimepiga kofi.
Mume wangu akageuka kitandani:
"Mbu?"
Nikamwambia, lala.