Unga Mgongoni mwa Nyuki

Baba alinifundisha kumfuata nyuki
nikiwa na miaka tisa, Sikonge, kiangazi,
kwenye kisima kilichobakiza tope.
Unamshika kwa kidole na gumba, taratibu,
unampaka unga wa muhogo mgongoni, chembe tu,
usije ukamlemea,
halafu unamwachia, unakimbia.
"Usimtafute nyuki, Kalunde. Nyuki utampoteza.
Tafuta weupe."

Leo nina koti na glavu mbili mbili,
Tabora mjini, Isevya, chumba cha nyuma,
mlangoni alama ya manjano inayowatisha wauza karanga.
Unga wangu ni kaboni kumi na nne.
Umekaa kwenye sukari, na sukari haina habari:
inaingia mshipani, inapanda kichwani,
inabisha hodi kila penye njaa ubongoni,
na ikishakaribishwa haitoki.
Dakika arobaini na tano.
Kisha panya hayupo tena
na mimi naandika saa kwenye daftari.

Panya walikuwa wawili. Mmoja mzima.
Mwingine ana malale,
ugonjwa ule ule wa ndorobo
uliomfuata baba msituni, juu ya mtundu,
mkono mmoja ndani ya mzinga.
Walimtibu. Damu ni safi, walisema, na uti wa mgongo safi.
Ila usingizi haukurudi ulipokuwa:
mchana unamkuta kijiko kikiwa mdomoni,
usiku anazunguka uani akihesabu mizinga
tuliyoiuza mwaka juzi.

Nikakata bongo zile vipande
ambavyo pumzi yangu tu ingevikunja.
Nikavilaza juu ya filamu, nikabana kaseti,
nikaifungia kabatini.
Wiki mbili. Hakuna cha kuharakisha.
Sukari inatema chembe zake, moja, halafu moja,
na filamu, kipofu, inaandika weusi
palepale ilipoguswa.

Daktari Nyamizi hunikumbusha, kama ninaweza kusahau,
kwamba kaboni hii hupungua nusu
kwa miaka elfu tano, mia saba na thelathini.
Mabaki ya panya tunayafungia pipani,
tarehe, uzito, saini.
Saini yangu itafutika
sukari ile ingali inatema.

Siku ya kusafisha filamu umeme ulikatika.
Isevya nzima iliguna, mashine ya kusaga ikanyamaza,
mimi nikagundua tu kwa ile taa nyekundu kuzimika.
Giza juu ya giza. Nikahesabu dakika kwa mdomo,
vidole vikijua beseni lipi ni la dawa
na lipi la maji.

Nilipotoka nayo dirishani, ikidondosha,
panya mzima alikuwa mweusi kama sufuria ya kijiweni.
Na mgonjwa pia, karibu kote,
isipokuwa huku chini, katikati,
doa lililofifia, ukubwa wa ufuta.
Niliosha lensi. Nikatazama tena.
Panya mmoja si ushahidi.
Lakini doa lilikuwepo.

Saa nane usiku nilimkuta baba yu macho, kama kawaida.
Nikampa nakala, akaishika mbele ya taa ya chemli,
akaigeuza juu chini, sikumsahihisha.
"Hapa peusi ndipo walipo?"
Ndipo sukari ilipo, baba.
"Na hapa?"
Hapo hakukuingia kitu.
Akacheka kidogo, cheko la mrina asali.
"Basi wamehama. Usiulaumu mzinga.
Uliza nani alipuliza moshi."

Nilitaka kuyaandika yale maneno. Nilikuwa natafuta kalamu
aliponishika mkono.
"Na huyo panya," akasema, "sukari yako,
aliisikia utamu?"

Tulimchoma sindano, baba.
Haikupita mdomoni.

Alinyamaza. Nikadhani anafikiri.
Alikuwa amelala,
kidole chake bado juu ya doa.