Dakika Kumi na Moja

Walituita ukumbini siku ya mvua,
Huddersfield, mawe ya kuta yameloa hadi meusi,
wakatupa sandwichi za yai na kalamu za bure.
Kijana Callum, viatu vyeupe visivyowahi kukanyaga damu,
akainua bangili tuione.
Anavaa mgonjwa. Inasoma mapigo, joto, pumzi, jasho,
inapeleka habari kwenye kioo, kioo kinatoa rangi.
Kijani, tulia. Manjano, tazama. Nyekundu, kimbia.
"Itawapunguzia mzigo," akasema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea.
Lakini Maureen, aliyebakiza miezi saba astaafu,
akanyoosha mkono wenye baridi yabisi:
"Ikikosea, nani ataitwa ofisini?"
Callum akacheka kidogo,
akabonyeza picha inayofuata.

Tukarudi wodini na minong'ono yetu.
Dorota aliogopa nywila,
herufi kubwa, namba, alama, na kila mwezi upya.
Pradeep aliogopa mkopo wa nyumba:
"Leo inahesabu mapigo, kesho itahesabu vichwa."
Mimi sikusema ninachokiogopa.

Miaka kumi na tisa nagusa vipaji vya nyuso
kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja.
Kiganja hudanganya: alinifunza mama, Korogwe,
nyumba isiyo na kipimajoto.
Nalijua jasho la homa, nalijua la woga.
Namjua mgonjwa anayechambua shuka kwa vidole
kama mtu anayetafuta kitufe kilichodondoka,
najua nimpigie simu nani kabla hakujakucha.
Hayo yanajazwa kwenye fomu ipi?

Wiki ya tatu, zamu ya usiku, kitanda cha sita.
Bwana Ackroyd, zamani dereva wa basi,
aliyeniita "mpenzi" kama alivyomwita kila mtu,
hata daktari bingwa.
Saa tisa na dakika nane kioo kikawa chekundu.
Nikaenda. Nikamgusa.
Ngozi kavu, pumzi pole, mdomo wazi kama mtoto.
Mkono wangu ukasema: hamna kitu.
Nikabonyeza *Ahirisha*
nikaenda kumbadilishia shuka bibi wa kitanda cha pili.

Saa tisa na dakika kumi na tisa
reli za kitanda cha sita zilianza kugongana.

Alipona. Hilo niliseme upesi.
Dawa ilipanda mshipani, daktari alikuja
na alama ya mto shavuni,
na asubuhi Ackroyd akaomba chai na tosti,
akalalamika chai imekuwa maji.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa afadhali.
Meneja alinimiminia kahawa,
akaigeuza kompyuta nione mstari mmoja:
jina langu, tarehe, *dakika 11*.
"Si kwa ajili ya kukuadhibu," alisema. "Ni kwa ajili ya kujifunza."
Nani anajifunza, sikuuliza.

Juzi bangili ilimchomoka mzee mmoja
ikazama kwenye bakuli la uji,
na kioo kikapiga kelele kwamba uji unakufa.
Maureen alicheka hadi akakaa chini.
Nilicheka nami,
nikawa wa kwanza kunyamaza.

Sasa huwa nagusa kabla ya kutazama,
kama mwanafunzi anayefunika jibu la hesabu
ili aone kama bado anaweza.
Mara nyingi tunapatana, mimi na kioo.
Mara nyingi.

Jana usiku, Bi Whitwam, kitanda cha tisa.
Kioo kijani, kijani ya majani baada ya mvua.
Mkono wangu ukasema: huyu anaungua.
Nilisimama pale, mgongo wa mkono kwenye paji lake,
mashine ikikoroma taratibu kando ya sikio langu,
nikajikuta nahesabu,
si mapigo yake,
dakika zangu.