Saa Tisa ya Usiku, Mchana Kweupe

Umeme ulirudi saa saba mchana, Isevya.
Feni ikakohoa, friji ikaguna,
watoto wa uani wakapiga lile yowe la "umerudi!"
Ruta ikawasha taa zake nne, mojamoja.
Ya tano, ya mtandao, ikabaki nyekundu.
Kama jana. Kama juzi.

Na vipimo vya sare thelathini vinaningoja hewani,
vimetoka Urambo, haviwezi kushuka.

"Piga kampuni," akasema Mwashi, mpangaji wangu.
Nimekwisha piga. Dada wa upande wa pili
alisema nizime, nihesabu kumi, niwashe.
Nikazima. Nikahesabu. Nikawasha.
Sikujua kila nikizima
naanza kifungo upya.

Ruta hii haina tena roho ya kiwandani.
Lugusha, mdogo wangu, kabla ya kuhamia Kaliua kwenye mizani ya tumbaku,
aliichokonoa usiku kucha juu ya meza yangu ya kukatia,
akaing'oa ile programu iliyokuja nayo,
akaitia nyingine, ya kuandika kwa mkono.
"Sasa inasikia," alisema.
Nywila akaiandika nyuma ya kalenda.

Siku ya nne niliisusa kwa hasira,
nikaenda zangu Cheyo kutafuta zipu.
Nimerudi, taa ya tano ni kijani!
Hapo ndipo nilipoanza kuandika mezani kwa chaki ya fundi:

umerudi saa saba, imefunguka saa kumi
umerudi saa tatu, imefunguka saa sita
umerudi kumi na moja jioni, imefunguka saa mbili usiku

Masaa matatu. Hayapungui, hayazidi.
Kitu kibovu hakina adabu hiyo.

Nikachomeka waya, nikafungua laptopu,
nikabisha kwa namba za mlangoni:
mia tisini na mbili, nukta, mia sitini na nane,
nukta moja, nukta moja.
Ikanifungulia. Ikanionyesha shajara yake:

Alhamisi, tarehe mosi Januari,
mwaka elfu moja mia tisa na sabini.
Saa tisa ya usiku.

Nje jua linachoma bati.
Mwaka sabini! Mama hajavunja ungo,
yuko Ipuli anafukuza ndege mtamani.

Kumbe haina betri ya kukumbukia.
Umeme ukikatika, miaka yote inamwagika,
nayo huamka kwenye siku ya kwanza ya hesabu yake,
huamka inataka kuuliza nje: jamani, saa ngapi huko?
Lakini mlango umefungwa, kwa kuwa ni usiku.
Na ni usiku, kwa kuwa haijauliza.

Nani aliiambia ifunge?
Nikashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo,
kama ninavyofuata mshono uliofumuka.
Nikaukuta:
toka saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi,
funga mlango wa nje.
Na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
pale ambapo mashine hupita bila kusoma,
maneno mawili:

dada alale

Ulikuwa mwaka ule Kapela alipobeba redio na godoro.
Nilikesha nikitazama kama yuko hewani,
ameonekana saa ngapi, anamwandikia nani.
Kisha mtandao ukaanza kukatika saa nne, kila siku.
Niliitukana kampuni.
Nikalala.

Sikuufuta mstari.
Nimeongeza mmoja tu, chini yake, herufi kwa herufi:
kama mwaka ni sabini, acha wazi.
Nikang'oa plagi, nikaichomeka.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Ya tano ikasita, kisha kijani,
na Urambo wote ukanimwagikia:
viuno, mabega, urefu wa sketi.

Usiku nilimwandikia Lugusha.
Nilichelewa, nilikuwa napindia mikono ya mashati;
ilikuwa saa nne na dakika mbili.
Ujumbe haukutoka.
Ukakaa pale, na kialama chake kidogo cha saa.