Mpishi Alisikia Nini

Nilikinunua Makoroboi kwa mia tano,
jalada limeliwa na mende, na kurasa kumi na moja za mwisho
zimekwisha kufungia karanga za watu.
Humo, chombo kilisafiri miaka mia nne kati ya nyota na nyota,
abiria wamegandishwa kama minofu,
aliye macho ni mpishi mmoja,
anasonga ugali wa mtu mmoja, anabishana na mashine.
Kiliishia hapa: *Mpishi akashika kitasa, akasikia*

Akasikia nini?

Lushinge akasema, tusinune, tucheze.
Baba yake alikuwa kiwandani Igogo; boksi la sangara
tukalichana likawa ubao, bado linanuka,
ile miaka tukaichora kwa mkaa, mistari imepinda.
Abiria, vizibo vya soda. Mpishi, kokoto nyekundu
ya mlimani Mabatini, nyuma ya nyumba yetu
iliyoegemea jiwe kama mgonjwa.
Dadu tulichonga kwa sabuni ya mche.
Kila ukiirusha inapoteza pembe,
hata mwezi wa tatu ikawa inabingirika tu,
haitaki kutaja namba.

Sheria ya kwanza: usimwamshe mtu kama huna chakula chake.
Ya pili aliiongeza Nkwimba, dada yangu, asiyeomba ruhusa:
mashine inaweza kudanganya. Mara moja.
Hapo mchezo ukapata roho,
tukaanza kutazamana kama wadaiwa.

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote kiligoma.
Kile cha malkia aliyekopesha kivuli chake
kwa mji usio na mti hata mmoja.
Nilichora mji, nikakata vivuli vya kaniki,
lakini malkia yule hana njia panda:
kila ukurasa anatoa, anatoa, mpaka anakwisha.
Dadu ya nini kwa mtu aliyekwisha kuamua?
"Hicho kisome tu," Nkwimba akasema.
Nilimnunia siku mbili.
Na kile cha chombo, tuseme kweli,
kimeandikwa kama tangazo la mnada.
Ila kina njaa, kina mlango,
kina mmoja anayejua na hasemi.

Usiku, wadudu wa ziwani wakiizonga taa kama moshi,
tulimfikisha mpishi mlangoni tena na tena.
Mara alisikia mtoto analia. Mara mvua.
Siku moja, Nkwimba akiwa mashine, hakusikia kitu,
tukanyamaza mpaka mama akauliza dirishani
kuna msiba?

Juzi, mezani kwa muuza vitabu karibu na kivuko cha Kamanga,
nimekiona. Kizima.
Nimelipa elfu nne bila kuvutana bei.
Nimefika kwenye kitasa,
sentensi inayofuata nimeifunika kwa kiganja,
nikampigia Lushinge, yuko Geita, anapima udongo wa dhahabu.
Hakuuliza mpishi alisikia nini.
Aliuliza kama sabuni ya mche
bado inauzwa.