Nepi za Minza

Mkojo wenyewe ulitoka wa kawaida,
njano hafifu, kama wa mtoto wa mtu yeyote.
Nepi nikaitupa beseni, nikaenda kukoroga uji.
Niliporudi lilikuwa doa la kahawia,
jioni doa jeusi,
kama mtu kaimwagia wino makusudi.

Nikaongeza sabuni ya mche.
Kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyokolea.
Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni:
"Kwetu hatuzai watoto wa masizi."
Tangu siku hiyo, Igogo yote ina mawe ya kuanikia,
mimi naanika chini ya kitanda
kama mali ya wizi.

Na mtoto haumwi! Hilo ndilo lililonitesa.
Ananyonya, ananenepa, anapiga chafya na kucheka.
Zahanati wakaniuliza nimekula nini,
nimempa mizizi ya nani.

Bugando, daktari Bituro hakuuliza nilichokula.
Alikinga mkojo kwenye kichupa,
akakiacha dirishani bila kifuniko.
"Rudi kesho."
Kesho yake ilikuwa kahawa tupu.

"Kuna kimeng'enya," akasema, "fundi mdogo
ambaye ini lake halikupewa.
Nyama, maharage, dagaa, vyote vina chembe
inayotakiwa kuvunjwa. Kwake haivunjwi.
Nyingi inatoka na mkojo, hewa inaipaka weusi.
Isiyotoka hujificha kwenye gegedu, miaka na miaka.
Wewe umebeba nakala moja mbovu, mumeo moja.
Hamkukosa kitu. Mlikutana tu."

Tulikutana kivuko cha Kamanga,
akigombea chenji ya mia mbili.

Daktari akavuta sikio lake mwenyewe:
"Ukubwani, angalia hapa, hugeuka buluu.
Weupe wa jicho hupata doa.
Mgongo hukaza mtu hajafika arobaini."

Sikumsikia tena.
Nilikuwa Mwaloni, nina miaka saba,
begani kwa mjomba Lugwisha, namshika sikio,
buluu, gumu kama kifuniko cha kalamu,
na shati lake lina kahawia kwapani isiyofulika.
Magunia ya dagaa hayo, walisema, yamempinda.
Wengine walisema mengine, kwa sauti ya chini.
Siku ya kumzika bibi alishindwa kuinama
atupe konzi la udongo.
Ukoo ukamtoza mbuzi.

Leo nimezitoa nepi.
Nimezitandaza juu kabisa ya jiwe,
abiria wa meli na wazione.
Mama mkwe kapita, katazama,
kasema inaelekea kunyesha.

Minza amelala. Namgeuza kwenye dirisha,
navuta sikio lake polepole.
Mwanga unapita, mwekundu,
hadi kwenye kidole changu.

Bado.