Kazi na Dawa

Twalib alinionyesha mbili.
Hii nyekundu, asema, ni mshale;
hii ya kijani, punda aliyelishwa akashiba.
Chagua, mama: kazi au raha.
Kana kwamba mtu huingia ndani na kazi
na raha akaiacha ilale uani.

Uwanja wake uko Miritini, nyuma ya gereji za malori.
Vumbi la barabara limetua kwenye viti
vilivyovaa nailoni tangu bandarini.
Nikachutama kama ninunuavyo mbuzi:
chini kwanza, uso baadaye.
Nikapapasa shokamzoba. Nikachomoa kijiti cha oili,
nikakinusa. Twalib akacheka.
Mwache acheke. Mafuta yaliyoungua yana harufu yake,
na mimi nimekaanga mahamri miaka ishirini.

Kwangu ni Mwakirunge.
Minazi themanini na miwili, mbuzi kumi na saba,
maji yako bondeni, mitungi sita asubuhi, sita jioni,
na mkokoteni ambao, mvua ya mwaka ikianza,
hukwama palepale kwenye udongo mweusi
kama mdai mlangoni.

Hayo nilimwambia Twalib.
Sikumwambia habari za Nguu Tatu:
kile kijinjia cha mbuzi kinachozunguka kilima cha kati,
mawe, mteremko, kona, mteremko tena,
ninakokwenda kwa miguu, mtu mzima nilivyo,
kidole gumba cha kulia kikisukuma
mafuta yasiyokuwapo.
Miaka hamsini na mitatu.
Watu husema, mama Nyamvula anatafuta mbuzi aliyepotea.
Hakuna mbuzi aliyepotea.

"Nijazie mitungi minne," nikasema.
Akaguna, akaagiza maji.
Nyuma ya uwanja pana lundo la kifusi cha matumbawe.
Nikaupandisha mshale: ukafika nusu, ukateleza,
matairi yakalia ukadhani yamefinywa.
Punda akapanda. Polepole, akilalama, akapanda.
Nikashusha mitungi, nikampanda mtupu,
akanitikisa meno mpaka nikayahesabu yaliyobaki.
Springi za mzigo hazimjui mtu mwepesi.

Nikampigia fundi Mwidani. Akaanza:
"Mshika mawili, mama..."
Nikamkatiza. Mikono ninayo miwili.

Ndipo nikaiona ya tatu.
Haikupangwa safuni, haikuoshwa,
buluu yake ya dirisha la zamani;
kijana wa uwanjani, Chilumo, alikuwa akihamishia matairi.
Nikaizunguka. Keria imechubuliwa na kamba:
sawa, hiyo ni kazi.
Lakini chini ya madigadi, juu kabisa,
ambako tope halifiki ukienda kwa adabu,
palikuwa na tope.
Nikamtazama Chilumo.
Chilumo akatazama ndara zake.

"Hiyo si ya kuuza," Twalib akasema,
kisha akataja bei.

Tukavutana hadi adhana ya alasiri.
Nikahesabu noti juu ya kiti kilichopasuka,
yeye akazihesabu tena, akalowesha kidole, akahesabu tena.
Kijana akanipa siri zake:
plagi hulowa, ipulize;
asubuhi usiikabe, iache ikohoe;
breki ya kushoto huahidi kuliko inavyotenda.
Alisema haraka haraka, mkono ungali kwenye usukani,
kama anayemkabidhi mtoto kwa mama wa kambo.

Nikawasha. Ikakohoa. Nikaiacha ikohoe.

"Chilumo," nikamwambia, "Jumapili, saa kumi,
Nguu Tatu, kilima cha kati.
Uje unionyeshe lile tope lilifikaje kule juu."
Akatabasamu mpaka masikioni.
"Na uje na mtungi," nikaongeza,
"hata mtupu, tuufunge nyuma,
watu wakituona waseme tuko kazini."