Mia na Arobaini

Chini ya tanuri la mkate, mtaa wa nyuma ya stesheni,
Plovdiv, vidato kumi na tisa kushuka,
ndipo tunaponyanyua vyuma.
Harufu ya hamira hutufuata mpaka kwenye benchi.

Ognyan alinijia Jumanne, soksi imetuna,
akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho.
"Wiki nane tu. Mia na arobaini utaicheka."
Chema chajiuza, nikawaza;
hiki kimetembezwa hadi chooni,
kikanong'onezwa juu ya bomba linalovuja.

Nikamwambia naogopa sindano.
Ndilo jibu langu la siku zote, halina ubishi.
Lyuben akacheka hadi akamwaga maji yake:
fundi mabomba mzima,
mikono imechanwa na kila aina ya bati,
ati sindano!

Sikuwatajia Stoil.
Tulimwona akiumuka tangu Februari,
shingo ikimeza ukosi, mgongo ukichipua chunusi.
Mwezi wa tano akamrushia mkewe kiti,
wa sita akalia saa nzima kwa ajili ya kiti hicho.
Bado yu hai. Anauza vitasa.
Kila miezi mitatu daktari anausikiliza moyo wake
na kuomba kuusikiliza tena.

Lakini nisidanganye, si Stoil.
Hofu huzoeleka, kama baridi.

Ni hivi:
miezi kumi na minne nimekwama mia na thelathini na saba na nusu.
Naujua mtaimbo ule kuliko ninavyomjua shemeji yangu,
najua bega lipi hulalamika kwanza,
goti lipi huongopa.
Nyumba ni ya benki. Jina ni la babu.
Hiki kimoja sikukirithi, sikukikopa.
Nikishindwa, nataka aliyeshindwa awe mimi.
Nikiweza,
nisigeuke kumtafuta wa kumshukuru.

Jana nikapakia tena. Chaki. Pumzi.
Ukapanda hadi magotini, ukakaa hapo ukitetemeka
kama mtu anayefikiria,
kisha ukashuka.
Ognyan alikuwa anatazama. Hakusema neno.
Akanisaidia kurudisha sahani za chuma ukutani,
yeye mbilimbili, mimi mojamoja.

Juu, Bi Zdravka alikuwa anafunga duka.
Akaniuzia mkate wa mwisho, uliobonyea upande,
ungali moto.
Nikaumaliza njiani, bila glavu,
vidole vikikataa kunyooka.